Kwa Baba Isdori Kasonso, Mwenyeji wa Reli Ndogo

Baba, mwaka umetimia Juni hii tangu ulipotutoka, katika baridi ile ile uliyokuwa ukigombana nayo kila asubuhi huku umevaa masweta mawili. Kaburi limejengewa. Ulezi umevunwa. Mama hajambo, ila magoti tu. Tunakukumbuka leo mbele ya watu, na pia tunakuletea majibu ya lile uliloliomba pale kitandani hospitalini. Hukuomba misa kubwa wala jiwe la marumaru. Ulisema, "Simu yangu msiizime. Kuna watu humo ndani. Akija mgeni akakosa wa kumpokea, nitaona aibu huko niliko."

Wasiokufahamu tuwaeleze kidogo. Ulikuwa gadi wa treni, Mpanda hadi Tabora, miaka yote ya ujana na utu uzima wako. Ulipostaafu ukarudi nyumbani Sumbawanga, mahali ambapo treni haijafika. Ukaona haiwezekani mtu azeekee relini halafu akae mji usio na reli, basi ukaijenga mwenyewe sebuleni kwetu Majengo. Ilitoka Mpanda kwenye kona ya kabati, ikapita Chala chini ya dirisha, ikafika Majengo karibu na mlango wa jikoni. Milima ulitengeneza kwa magunia na gundi. Mabehewa yalikuwa makopo ya mafuta ya kula, na mota ulizing'oa kwenye redio za kaseti zilizokufa. Makochi yakahamia barazani, na huko ndiko tulikopokelea wageni.

"Baba Dominika," Mama alikuuliza siku makochi yanatolewa, "wageni wakae wapi?"

"Wapande," ukamjibu.

Mtaa mzima ulikutania, na wewe ulijua kutania kuliko wote. "Shikamoo Mzee Kasonso. Treni inaondoka saa ngapi leo?" "Marahaba. Kata tiketi kwanza, ndipo nikwambie." Lakini sisi wa ndani tulikuwa tunaona kinachokuuma. Treni yako ilikuwa inaanguka kila ikifika kona. Treni kubwa uliijua mpaka mlio wake, ila hii ndogo ilikushinda, na hapa mjini hukuwa na mtu hata mmoja wa kuzungumza naye habari hizo bila yeye kuangua kicheko. Mpweke ni mpweke hata akiwa na mke na watoto, Baba, na wewe upande huo ulikuwa mpweke.

Ndipo Abel, mdogo wangu, akakuwekea bando na kukuonyesha kwamba duniani kuna makundi ya watu wanaojenga reli ndogo na kuzungumza mtandaoni. Kisha ukauliza, "Wengi?"

Uliingia kundi la kwanza kama unavyoingia kwenye mji wa mtu. Ulimwambia Abel akutafsirie: "Hodi humu ndani. Mimi ni Isdori, mtoto wa Kasonso, wa Sumbawanga. Mmeamkaje? Wazima wote? Mvua zimenyesha huko? Huku kwetu mahindi yamekubali." Wasimamizi wakaifuta salamu yako, wakasema haihusiani na treni. Wewe ukadhani umewasalimia kwa mkato. Ukarudi na salamu ndefu zaidi, ukawauliza na wagonjwa wao, ukawapa pole kama wamefiwa. Wakakutoa.

"Baba," Abel alisema, "mtandaoni watu hawasalimiani hivyo. Unaweka picha, unauliza swali, basi."

"Nimtwishe mtu shida yangu kabla sijajua ameamkaje? Mimi ni askari?"

Kundi la pili lilikuwa la wauzaji. Kila ukiuliza kuhusu kona unauziwa kichwa cha treni. La tatu lilikuwa na picha za kupendeza kuliko yote, lakini wenyewe walikuwa wakitukanana wiki nzima kwa sababu ya rangi ya behewa. Ulisoma matusi yale kwa tafsiri ya simu, ukatikisa kichwa, ukasema, "Treni wanazo. Wa kuwakanya hawana." Ukaondoka mwenyewe, na uliaga.

Tunakusifu kwa hili hasa, kwamba hukukata tamaa wala hukubadilisha malezi yako ili upate watu. Ulijifunza kukaa pembeni kabla ya kubisha. Ulikuwa unatafuta swali la mgeni, lile la kitoto kabisa, halafu unasoma alivyojibiwa. Wakimcheka, hapo hukai. Ukatafuta pia picha za treni zilizoharibika, kwa maana ulisema kundi lenye picha za ushindi tu watu wake wanafichana, na mtu anayeficha hawezi kukufundisha. Vijana wengi wangepona na mengi mtandaoni kama wangekuwa na jicho lako.

Halafu ukapata lile jukwaa dogo, la watu wachache, halina hata mapambo. Ukabisha hodi kwa salamu ile ile ndefu. Kimya. Siku nzima ulikuwa unaichungulia simu kama mtu aliyebandika maharage. Kesho yake likaja jibu kutoka kwa mama mmoja wa Uskochi, mwalimu mstaafu aitwaye Jane, ambaye alikuwa ameitafsiri salamu yako na kujibu kwa Kiswahili cha mashine, neno kwa neno: "Habari ya asubuhi Isdori mtoto wa Kasonso. Mvua hapa ni bila mwisho. Magoti yangu ni watu wabaya. Paka wangu ni mjane. Tafadhali ingia katika nyumba."

Ulicheka mpaka machozi yakakutoka, na sidhani yote yalikuwa ya kicheko. Ukaita kwa sauti, "Mama Dominika! Njoo! Nimekaribishwa!"

Jane akaomba picha ya ile kona. Wenzake wakaja mmoja mmoja, wakaitazama, wakakuambia ulikuwa umepigilia magurudumu kwa misumari yakanyooka chini ya behewa refu, na behewa refu linataka magurudumu yanayogeuka kufuata kona. Tena lilikuwa jepesi mno. Ukang'oa misumari, ukafunga kila jozi kwa skrubu moja katikati, ukatia vipande vya nondo chini. Jioni ile ulituita wote. Treni ikatoka Mpanda, ikapita Chala, ikakata kona yote, ikaingia Majengo, na Mama akapiga vigelegele na mwiko mkononi.

Mwingine angeridhika hapo. Wewe ukasema, "Mimi nimepata mlango. Na wenzangu wasiojua Kiingereza?" Ukaanzisha kundi lako mwenyewe, la Kiswahili, ukaliita Reli Ndogo. Wa kwanza kuingia alikuwa Yonas, mfugaji wa Kaoze, kule chini bonde la Rukwa, ambaye wazee wake walihamia na ng'ombe kutoka Shinyanga. Alikuwa akitengeneza treni za makopo kwa kujificha, akidhani ni yeye peke yake nchi nzima. Wakafuata wa Kigoma, wa Tabora, wa Tanga. Kila aliyeingia ulimsalimia kwanza, ukamuuliza na wa nyumbani kwake, ndipo ukamuuliza anajenga nini. Hakuna aliyechekwa kwako.

Sasa majibu yako, Baba.

Baada ya mazishi, baba mdogo Yusto alisema simu ya marehemu isiendelee kulia, si vizuri, marehemu apumzike. Alisema kwa uchungu, wala hatukumlaumu. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akaichukua simu, akaifunga kwenye pindo la kitenge chake. Rambirambi zikaja nyingi, kisha zikapungua, kisha kundi likawa kimya kabisa. Walikuwa wamezoea wewe ndiye ufungue mlango. Tuliona lile uliloliogopa linatokea, na hatukujua la kufanya. Abel alikuwa kazini, mimi Dominika nipo Mbeya, na treni yenyewe hatuijui kama wewe.

Asubuhi moja akaingia mgeni. Aliandika, "Kuna watu humu? Treni yangu inaanguka kwenye kona." Hakuna aliyejibu. Saa sita, bado. Saa nane, bado. Mama akavaa miwani, akaona kuandika kutamchelewesha, akabonyeza akatuma sauti. Tunayo mpaka leo. Jogoo anasikika nyuma.

"Hujambo mwanangu? Umeamkaje? Na nyumbani wazima? Haya. Hayo magurudumu umeyapigilia misumari? Ng'oa. Tia skrubu moja katikati, yageuke. Na chuma kidogo huku chini, maana ni jepesi hilo behewa. Mwenye nyumba hayupo, lakini karibu ndani."

Baba, lilifumuka kundi zima. Watu wa Tanga, watu wa Kigoma, kila mtu anasalimia, kila mtu anamwelekeza mgeni. Yonas akaandika, "Mama amefungua. Tuendelee." Tangu siku ile hawajanyamaza. Mama ndiye msimamizi sasa. Wauzaji anawatoa kwa adabu, wagomvi anawaambia wakanywe maji kwanza. Jane anamwandikia kila wiki kwa kile Kiswahili chake, na wanapeana habari za magoti.

Misa yako ni Jumamosi, na baada ya misa kuna chakula nyumbani. Yonas anapanda kutoka Kaoze na mkewe. Mama ameagiza ugali uwe wa ulezi, kama ulivyopenda.

Tulipokaa kuandika majina ya wanaokukumbuka kwenye tangazo hili, shangazi Monika akasoma orodha, akauliza kwa sauti ya kikao cha ukoo, "Huyu Jane ni ndugu wa upande gani?"

Mama hakuinua kichwa. "Upande wa mume wangu," akasema. "Mwandikeni."

Unakumbukwa na mkeo mpenzi Coleta. Wanao Dominika na Abel. Wadogo zako Yusto na Yonas. Dada zako Monika na Jane. Ukoo wote wa Kasonso na jamaa zako wote wa Reli Ndogo.

Pumzika kwa amani, Baba. Jina lako litaendelea kutajwa nyumbani mwako.