Kunguru Aliyekufa Bila Kuguswa

Jumatatu, 3 Mei 1993
Mvua ya rasharasha tangu alfajiri, mtaa wetu wa Junda wote matope. Nimefungua chuo cha kompyuta saa mbili, nimepangusa vioo. Kunguru wa mchezo ninaoutunga kwenye kompyuta bado anakufa kabla jiwe halijamgusa. Sababu naijua. Kompyuta humzungushia sanduku, na jiwe hulizungushia lake. Pembe za masanduku zikikutana tu, huhesabu amepigwa. Penye pembe hapana kunguru. Pana hewa.

Jumanne, 4 Mei
Mawingu. Dawa nimeipata kwa Mama. Anaposhona kofia za vito, zile za nakshi ya tundu ndogo ndogo, huweka karatasi ya nakshi juu ya kitambaa, akaviinua dirishani aone tundu zipi zimeangukiana. Nimechora kunguru kwenye karatasi ya miraba, kila mraba nukta moja ya kioo. Jiwe kwenye karatasi ya pili. Nikazipandanisha dirishani. Wino juu ya wino, hata nukta moja: amepigwa. Wino juu ya weupe: amepona. Nimeandika programu hivyo hivyo. Masanduku yakikutana, ikague nukta kwa nukta. Jiwe limepita chini ya bawa, kunguru akaendelea kuruka. Nimecheka peke yangu.

Alhamisi, 6 Mei
Jua kali. Bwana Twahir, mwenye chuo, anatafuta mwalimu wa programu. Ataamua Jumamosi, wageni wakija kutazama kazi zetu. Mimi nafundisha kupiga chapa tu. Nafasi ile naitaka.
Faraji, mwenzangu wa kazi, ameomba kuuona mchezo. Nimempa disketi.

Ijumaa, 7 Mei
Mvua kubwa. Faraji amefuta jina langu kwenye mchezo, ameandika lake. Bwana Twahir ameshauona, anamsifu. Nilipomuuliza alisema, "Dada Mwanasha, kazi ya chuo haina mwenyewe."
Sikulia. Wanaume walipokwenda kuswali nilifungua kabati la chuo, nikatoa disketi ya mchezo. Jina lake nimeliacha. Nukta nimezitoa, masanduku nimeyarudisha. Dakika kumi na mbili. Nakala nzima iko nyumbani.
Namtaka aaibike mbele za watu.

Jumamosi, 8 Mei
Mawingu, joto. Mzee mmoja ndiye aliyecheza kwanza. Jiwe lilipita kando, kunguru akaanguka. La pili vivyo hivyo.
"Mwanangu," akamwambia Faraji, "huyu kapigwa jiwe au kapigwa jicho?"
"Kijicho," mkewe akamjibu. "Kisauni hawapendi kinachoruka."
Ukumbi mzima ulicheka. Faraji jasho likamtoka. Nilifurahi, wallahi, mpaka vidole vya miguu.
Kisha akasema kwa upole, "Kazi hii ni ya Bi Mwanasha. Mimi nilimsitiri tu kwa jina langu."
Wote wakanigeukia. Nikapewa jina langu, juu ya kitu nilichokiharibu mwenyewe.

Jumatatu, 10 Mei
Manyunyu. Nimempelekea Bwana Twahir nakala nzima. Alicheza, akatikisa kichwa kwa kupendezwa. Akauliza mbona Jumamosi haikuwa hivi. Nikamwambia Faraji aliichezea akaiharibu. Maneno hayo niliyatunga jana kutwa.
Akatia ile disketi ya Jumamosi. Kompyuta huandika saa ya kila badiliko, na mimi ndiye niwafundishaye wengine hilo. Ijumaa, saa saba na dakika mbili.
"Saa hiyo Faraji alikuwa safu moja nami msikitini, bega kwa bega," akasema. "Mchezo ni wako, naona. Na uharibifu je?"
Nikasema ni wangu pia.
"Mbele ya wageni wangu, Bi Mwanasha."
Amechukua ufunguo wa kabati.

Jumatano, 12 Mei
Asubuhi shwari, anga nyeupe. Nafasi kapewa Faraji. Mimi nimebaki na kupiga chapa.
Baada ya adhuhuri alikuja mezani kwangu. Wanafunzi wamemuuliza kompyuta inajuaje kwamba jiwe limegusa bawa, naye hajui. "Nielekeze, dada. Kidogo tu." Niliendelea kusahihisha karatasi za wanafunzi wangu, moja baada ya moja, mpaka akaondoka. Kesho atasimama tena mbele yao.
Nimekula muhogo na Mama. Nalala saa tatu na robo.