Mwambie Jirani Yako

Jumapili, Kuresoi. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi na nguo nilizoanika juzi bado ni mbichi. Moyo wangu nao haujatulia.

Leo nimemnyima mtu mkono kanisani.

Pasta wetu ana mazoea yake. Akiona tunaanza kusinzia anasema, "Geukia jirani yako, mwambie Yesu anakupenda." Tunageuka, tunacheka, tunasema, tunaketi. Nimewaambia hivyo hata watu nisiowajua jina, na sikuwahi kuona ugumu wowote.

Leo niligeuka nikakuta ni Baba Daudi.

Huku kwetu jirani si neno la mahubiri tu. Shamba lake na letu yamepakana. Mwaka ule wa vita vya uchaguzi, nikiwa darasa la saba, alikuja na vijana hadi langoni akawaonyesha nyumba ya baba yangu. Ilichomwa tukiiona, tumelala kifudifudi kati ya viazi. Baba alifia katika kambi ya wakimbizi Nakuru. Baba Daudi naye alihama baadaye, na mwezi uliopita alirudi, amezeeka, anasema ameokoka.

Alininyooshea mkono. "Mama Faith, Yesu anakupenda." Nikainama nikaanza kutafuta simu kwenye mkoba. Simu ilikuwa mkononi mwangu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya Jumapili. Watoto wakiniuliza Mkristo ni nani, najibu upesi: ni mtu anayemfuata Kristo. Nimebatizwa, naimba kwaya, mikesha sikosi. Hayo yote nayaweza. Hili moja limenishinda, na naogopa kwamba hili moja ndilo dini yenyewe.

Tena nina hasira. Yeye aokoke juzi tu, halafu mimi ndiye nionekane mwenye dhambi?

Saa tisa nilienda kwake. Nilimkuta akirekebisha ua, nikasimama nje ya lango.

"Sijakusamehe," nikamwambia. "Nimekuja tu kukwambia nilikuona kanisani. Sikuwa natafuta simu."

"Najua, Mama Faith. Hata mimi hayo ya pasta niliyasema kwa sababu ni rahisi. Nilitaka kukwambia ni mimi nilionyesha nyumba ya babako. Hakuna mtu alinilazimisha."

Miaka hii yote nimesikia watu wakisema mambo yalitokea, nyumba zilichomeka. Hakuna aliyewahi kusema ni mimi.

Nililia pale langoni, mtu mzima. Hakujaribu kuninyamazisha. Alivua kofia, akasimama kwenye manyunyu mpaka nikamaliza, kisha nikageuka nikarudi nyumbani.

Yesu anampenda Baba Daudi. Leo ndiyo mara ya kwanza nimeliamini neno hilo, na limeniuma kuliko nilivyotarajia. Nimesema mimi ni mfuasi wa Yesu. Je, nitamfuata hadi ndani ya lango lile?