Nilimkana Mke Wangu kwa Sababu ya Katuni

Mama Gatwiri, mimi si mtu wa kuandikia magazeti, lakini sina mwingine wa kumweleza jambo hili bila kuchekwa. Ni mkulima wa majani chai hapa Kibugu, nina miaka sabini na minne, na ni mzee wa kanisa. Mke wangu Wambeti alianza kusahau miaka mitatu iliyopita, kwanza chumvi kwa chakula, halafu majina ya watoto, halafu nyumba yenyewe, ikawa kila alasiri anajitwika kikapu kwenda kituo cha kupimia majani ambacho kilihamishwa zamani, na mimi nikichoka kumtafuta kwa mashamba ya watu nilikuwa namfokea, na siku zingine, Mungu anisamehe, nilimfungia ndani kwa kufuli nikaenda kuchuma.

Likizo ya Aprili mjukuu wetu Igoki alituachia katuni ndani ya flashi. Ni hadithi ya msichana na konokono mkubwa anayebeba nyumba mgongoni, wanakutana na ukungu mdogo uliopotea, haujui mlima wake ni upi, nao wanatembea nao kuutafuta. Haina maneno mengi, haina vita wala adui. Kila asubuhi ukungu umesahau walikotoka, na msichana anauonyesha tena, pole pole, kama ndiyo mara ya kwanza. Wambeti aliketi akatazama mpaka mwisho, akacheka, akanishika mkono akasema, “Baba Gladys, huyu mtoto amelelewa vizuri.” Mama Gatwiri, jina hilo nilikuwa sijalisikia kinywani mwake kwa mwaka mzima.

Basi ikawa desturi yetu, kila alasiri tunaitazama, na hatoki tena. Na nikiri lingine, hata mimi naipenda. Nilianza kumjibu kama yule msichana anavyojibu, akiniuliza mara kumi mama yake yuko wapi, namjibu mara kumi, na kufuli nikaacha kuigusa.

Sasa Jumamosi moja Mzee Misheck wa kanisa letu alikuja na kina mama watatu kutuombea, hawakupiga simu, wakatukuta mbele ya televisheni, mimi nikicheka mpaka machozi. Misheck akauliza, “Mzee, haya ndiyo mnatazama? Hivi viumbe vya ajabu ni vya Mungu kweli?” Nikashtuka, nikanyakua rimoti, nikazima, nikasema, “Ni huyu mama, akili zimeruka. Mimi nilikuwa natafuta taarifa ya habari.” Wakacheka kidogo, wale kina mama. Wambeti akanitazama, akasimama, akasema, “Samahani, bwana. Sikujua hii nyumba ni ya nani.”

Ni wiki mbili sasa. Hakubali kuketi, anasimama mlangoni na kikapu, chakula kutoka mkononi mwangu hali. Nimemwekea katuni, hatazami. Misheck anataka kurudi kuombea kile anachokiita roho iliyoingia. Binti yetu Gladys, ambaye anafanya kazi ya ofisi mjini Embu, anasema nimemfanya mama yake mtoto, na Jumapili atakuja kumchukua akae naye huko mtaani kwake, Majimbo. Nimwache aende? Na je, ni dhambi mzee wa kanisa kupenda kitu kama hiki?

Nyaga, Kibugu

*

Mzee Nyaga, nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikasirika. Dhambi unaitafuta kwa konokono na umeiacha kwa kufuli. Kama nyumba ingeshika moto? Hiyo kufuli itoe leo, umpe jirani, na siku za kuchuma lipa mtu akae na mkeo.

Najua umechoka. Kumtunza mtu anayekusahau ni kazi ya upweke, na hakuna aliyekufundisha. Ukafundishwa na katuni. Sioni aibu hapo. Hadithi iliyomfanya mwanamume wa miaka sabini na minne aache kufoka haina roho chafu ya kutolewa. Aibu ni kwamba ulipoulizwa, ulimtupa mkeo mbele ya wageni ili wewe ubaki mzee wa kanisa.

Nilipiga ile namba uliyoandika chini ya barua. Alipokea Wambeti mwenyewe. Kiembu chake na Kimeru changu vikasikilizana. Nikamuuliza mzee yuko wapi. Akasema, “Ametoka. Ni mtu mzuri, lakini ananionea aibu.”

Usiniambie amesahau.

Kwa hivyo, kabla ya Jumapili, muombe msamaha. Asipoelewa, muombe tena kesho. Halafu mwite Misheck na wale kina mama watatu, si mmoja wao, wote, na pale pale sebuleni, Wambeti akiwa ameketi karibu nawe, useme, “Nilidanganya. Mimi ndiye nilikuwa nacheka.” Wakitaka kuomba, wakuombee wewe uvumilivu. Gladys akija, usimkatalie wala usimpe mama. Mwambie alale hapo wiki moja, amuogeshe, amjibu yale maswali, ndipo mwamue pamoja na daktari. Anawapenda nyote wawili, ila hajaona siku yenu ikianza mpaka ikiisha.

Na chakula usimlazimishe mkononi. Weka sahani mbili mezani, keti, anza kula. Acha kiti chake wazi, na usimwangalie.