Mlango wa Gari la Mjomba

Shoga, nimekaa gereji hapa.

Ile gari niliyonunua kwa mjomba. Si aliniapia haijawahi kuguswa na fundi? Leo nimeileta kwa sababu ya kamlio fulani. Fundi mwenyewe sijawahi kumwona maishani mwangu. Kaenda moja kwa moja, kauinua mlango wa dereva kidogo, ndipo kaufungua. Mlango ule haufunguki bila kuinuliwa!

Nikamuuliza, "Umejuaje?"

"Hii si ile ya mzee? Gia boksi yake nimeishusha mara tatu."

Mara tatu, shoga! MARA TATU!

Nikampigia mjomba. Wala hakubisha!

"Sasa mwanangu, ningemuuzia nani mwingine? Mtu baki si angenipeleka polisi?"