Kopo la Mwisho la Dawa ya Visigino

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Marahaba yako haitanifikia, najua, ila ulinikataza kuanza maneno na mkubwa kabla ya salamu, na kuondoka kwako duniani hakujaniondolea adabu. Ile kidogo niliyokuwa nayo.

Mwanao nimekuwa mtu maarufu hapa Newala. Usicheke. Makopo ya dawa ya visigino uliyoyaacha nimeyauza sokoni kwa mdomo huuhuu uliosema utaniponza. Nilikuwa navua kandambili, nawaonyesha akina mama miguu yangu, nawaambia hata Tandahimba hamumpati kijana mwenye visigino laini hivi. Wananunua huku wananisonya.

Unakumbuka msimu wa korosho, wewe na zile nyufa za miguu? Tukitoka shambani unabandika chungu, unatia mafuta ya ufuta na nta ya nyuki, halafu unachovya kijiti cha mtama kwenye yale mafuta makali ya maganda ya korosho. Yanadondoka kidogo chunguni, unakunja uso, unaongeza au unaacha. Mimi nikauliza unajuaje imetosha. Ukasema, "Jicho linajua. Na hii ni ya visigino, baba. Atakayepaka usoni asije kunililia."

Sasa mwezi huu alikuja sokoni mama mmoja mkaguzi wa vipodozi. Nikajitutumua, nikamtajia vyote vilivyomo kama mwalimu wa kemia, mimi niliyeishia kidato cha pili. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa upole, "Majina nimeyasikia. Kiasi je?"

Nikainama kuvaa kandambili zangu, Mama. Mimi.

Akanieleza kwamba kitu kilekile kikiwa kidogo mtu hakisikii, kikizidi kinamuunguza, na hata hicho kidogo inategemea kinapakwa wapi, kinaoshwa au kinashinda mwilini, na anayepakwa ni nani. Nilikuwa naitikia tu, maana nilikuwa nakusikia wewe na kisigino chako na uso wako. Ila wewe kipimo ulikiweka kwenye jicho, na jicho umeenda nalo.

Ningeyapuuza maneno yake, ila jioni ileile dada Somoe alikuja kutoka Mnyambe na mwanawe mgongoni, mjukuu wako ambaye hukuwahi kumwona. Ana vipele shingoni mpaka kifuani. Dada akaliona kopo lililobaki, akaanza kulifungua. Nikamshika mkono. Akaniambia, "Ametengeneza mama yetu. Atamdhuru vipi mjukuu wake?"

Nikamwambia ni ya visigino, mtoto ampeleke zahanati. Akaondoka amenuna, anasema nimeanza kujiona daktari. Mtoto alipelekwa, vipele vimekauka, lakini dada bado hanijibu salamu vizuri. Naye si peke yake. Watu wanataka nipike dawa yako, na Somoe mmoja nilimshika mkono. Wengine nani atawashika?

Yule mkaguzi alisema kopo likipelekwa kupimwa litajulikana kila kitu kimo kiasi gani. Nikauliza wanachukua kijiko? Akasema linaenda lote.

Hapo ndipo nilipoona tabu. Hilo kopo, Mama, dawa yake juu ina shimo dogo ulipochota kwa kidole mara ya mwisho, unajipaka, unanitania kwamba mke wangu atakuwa na kazi na mdomo wangu. Kidole chako kimebaki pale kama umekitoa sasa hivi. Nimelala nalo kitandani kama mwehu. Nimelifungua, nimenusa, nimefunga.

Leo asubuhi nimelipeleka kwa yule mkaguzi. Kabla sijamkabidhi nilitamani nitie kidole changu kwenye alama yako, kidogo tu. Nikajizuia. Nimetaka wakupime wewe peke yako, wasije wakachanganya na jeuri yangu.

Pumzika, mama. Mpaka kipimo kirudi sipiki.

Ni mimi kitindamimba wako, mwenye mdomo.