Maji ya Udhu na Ufa wa Chumba cha Mama

Barani, Malindi
Jumamosi, 13 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Zayd,

Assalaam alaykum warahmatullah. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, marahaba. Hujambo wewe, hajambo Raihana, watoto wazima? Joto la Maskati limepungua, au bado mwashinda ndani na hizo mashine za baridi mpaka mafua yawashike? Sisi huku twashukuru. Mama hajambo. Goti lake lina malalamiko yake ya siku zote, lakini sauti haijapungua, na jana amenigombeza kwa sababu ya nazi niliyoikuna vibaya. Ukisikia mama anagomba, jua afya ipo.

Utashangaa kuona barua ilhali simu ninayo. Ni yeye aliyetaka. Amesema simu ndiyo iliyotuharibia, basi jambo hili nikae kitako niliandike. Nami nimeona heri, maana kwenye simu huniachi nimalize. Twahir wa Muyeye anasafiri Jumanne, atakuletea hii pamoja na ubuyu na achari ya maembe. Achari ni ya Raihana, usiimalize wewe.

Habari kubwa ni ya chumba cha mama. Ule ufa uliokuumiza kichwa tangu joto la kaskazi tumejua umetoka wapi, na ukuta unatengenezwa. Mama hahami na nyumba haiuzwi. Nakwambia mapema ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia.

Wakumbuka ulivyoanza, kwenye pembe ya dirisha, ukateremka mpaka sakafuni upande wa uani. Tuliuziba kwa saruji, haukupita mwezi ukafunguka pale pale. Wanaosema usipoziba ufa utajenga ukuta, ufa wetu hawakuuona. Masika ilipoingia ukajifunga wenyewe, mama akasema dua imekubaliwa, nami nikaitikia amina. Mwezi wa nane jua lilipokausha ardhi ukarudi, na safari hii na mlango ukakwama. Mchana mmoja mama alifungika ndani, nikasukuma kwa bega mpaka bega likavimba. Hilo sikukwambia, najua ungepanda ndege usiku ule ule.

Hapo ndipo nilipomwita fundi Mwambire. Akanieleza kwamba kupiga lipu juu ya ufa ule ni kumpaka poda mwenye homa, lazima ardhi ifukuliwe tuuone msingi.

Sasa nikuulize, Zayd. Kenga jirani yetu, uliyecheza naye gololi mpaka mkaitwa mapacha, ulimpigia simu ukamwambia nini? Mimi niliambiwa na mkewe, Gladys, tena kwa kumbana sana. Kwamba ufa ulipotokea, kwa kuwa alikuwa ameanza kuchimba shimo la choo nyuma ya ua wetu, ukamwambia anamchimbia mama yako kaburi. Nilipolisikia neno hilo niliona haya kwa niaba yako. Kumbe ndiyo sababu alilifunika lile shimo kwa mabati likiwa halijafika popote. Choo chao cha zamani kilikuwa kimejaa, na tangu hapo, mvua na jua, yeye na Gladys na watoto wao huvuka barabara kwenda kuomba choo kwa shemeji yake. Nasi hapa tulikuwa tumemnunia kwa kuacha kuja kwetu, tukiwaona wakipita na makopo yao, hatuulizi.

Basi siku ya kufukua, Mwambire hajapiga jembe la pili, Kenga huyo akaingia na sururu yake. Miezi yote hiyo hakuwa amekanyaga kwetu. Alimsalimu mama, kisha akasema, "Kama mwafukua kwenu, fukueni na upande wangu, ijulikane." Akaanza kuchimba.

Pakafukuliwa pande zote mbili za ua. Upande wa Kenga udongo ulikuwa mkavu, umepasukapasuka, na shimo lake liko mbali na msingi wetu. Upande wetu, chini ya asmini ya mama, jembe lilitoka na tope.

Nikueleze udongo wenyewe, kwani hapo na wewe una fungu lako. Nyumba ya Baba imekaa juu ya mchanga mweupe, na chini ya mchanga pana jiwe la matumbawe, ndiyo maana haijatikisika tangu tuzaliwe. Lakini kile kipande cha nyuma palipokuwa na migomba ni kibonde, na chini yake umejaa udongo mweusi wa kunata. Ukipata maji unavimba, ukiyakosa unanywea na kupasuka. Baba hakujenga pale maisha yake yote, sisi tukadhani alipenda ndizi. Wewe ukaja likizo na moyo wako mzuri wa kumjengea mama chumba, ukakiunganisha na nyumba ya zamani. Mguu mmoja wa ukuta ukakaa kwenye jiwe na mwingine kwenye udongo mweusi. Likizo ilikuwa inakwisha, ukamhimiza fundi wako, msingi haukufika chini. Sikulaumu sana. Mimi ndiye niliyewapikia pilau ya kumaliza kazi, na sikuuliza kitu.

Lakini tope lile lilitoka wapi na mvua hakuna? Mwambire akauliza bomba linapita wapi.

Mama alikuwa amekaa mlangoni na leso yake, anatazama. Akasema, "Bomba ni mimi."

Goti lilipoanza kumsumbua aliacha kutia udhu ndani. Hukaa kwenye lile jiwe chini ya dirisha, na unamjua mama, udhu wake hautoshwi na kopo moja. Maji ya udhu hayamwagwi chooni, ndivyo tulivyolelewa, basi yote yakaenda kwenye asmini, swala tano kila siku. Kaskazi, udongo wa uani ulipokauka na kunywea, pembe ile peke yake ilibaki imelowa na kuvimba, ikaunyanyua ukuta. Sote tulikuwa tukimwona akitia udhu pale. Hakuna aliyefikiri kwamba ibada yaweza kunyanyua ukuta.

Asmini aliikata mwenyewe, hakutaka mwingine aiguse. Mwambire anauchimba msingi kipande kwa kipande mpaka ufike kwenye jiwe, udongo mweusi unatolewa, panajazwa kokoto na zege, na nje atazungushia sakafu yenye mteremko, maji yasisimame ukutani. Maji ya udhu tumeyachimbia kifereji yanakwenda kwenye mpapai ule wa mbali. Mlango tayari unafunguka kwa kidole. Mama analala chumbani mwangu kwa sasa na anakosoa kila kitu, kuanzia mto mpaka pazia, nami nimefurahi kuwa naye karibu.

Lililobaki ndilo lililonikalisha niandike. Jioni ya siku ile ya kufukua mama alivaa buibui, akashika mkono wangu, tukaenda kwa Kenga. Kwa goti lile, ilikuwa safari. Hakukaa hata alipopewa kiti. Akamwambia, "Kenga mwanangu, maji yalikuwa yangu. Niwie radhi, na umsamehe nduguyo."

Kenga akasema, "Mama, mimi nilidhani ni kweli. Kila usiku nilikuwa natoka kuutazama ukuta wako kama ungali umesimama."

Zayd, nililia mbele za watu. Sisi tulikuwa tumemkasirikia, naye alikuwa akitulindia mama.

Shimo ameanza kulichimba tena, na Mwambire anamsaidia siku za Jumapili. Gladys ametuletea sahani ya mahamri, nasi hatukuirudisha tupu. Kwa upande wetu huku moyo umetua.

Mjomba Badawi anakusalimu, asema umemsahau. Mama anakusalimu na kukuombea, na anasema atakuombea vizuri zaidi ukishafanya unalolijua. Nisalimie Raihana na uwabusu watoto mmoja mmoja. Salamu za Kenga sikuandikii. Jioni huwa nyumbani, na namba yake ni ile ile uliyompigia.

Mola akulinde ugenini, akupe riziki ya halali na ulimi laini.

Wako akupendaye daima,
Dada yako Ummulkheir