Kisanduku Nyuma ya Sinia

Jumapili, jioni

Nimeshinda, namshukuru Mungu, ingawa sina budi kumwomba radhi fundi wa intaneti niliyemlaumu asubuhi kwa simu.

Ubatizo wa mjukuu wangu huko Mwanza, ambao ningeutazama moja kwa moja kwenye kompyuta, ulikuwa saa nne, naye alikuwa anapewa jina la marehemu mke wangu. Hadi saa tatu na nusu kompyuta yangu ya mpakato ilikuwa haijashika waifai. Niliizima, nikaiwasha, nikaandika neno la siri mara tatu. Niliogopa kweli. Kuukosa ubatizo huu, na umri huu wangu...

Jirani yangu, Bi Salma, akaja kutazama. "Mwalimu, kisanduku chenyewe cha waifai kiko wapi?"

Nikamwonyesha, kwa fahari kidogo: ndani ya kidaka cha ukutani, nyuma ya sinia kubwa la shaba, wageni wasikione.

"Umekitia gerezani! Mawimbi yatapitaje kwenye shaba?"

Nikaliondoa sinia. Intaneti ikashika papo hapo.

Padri alipommwagia maji, mtoto alilia kwa nguvu, nami nikasimama nikaitikia "Amina" kwa sauti ambayo sikujua ninayo bado.

Bi Salma akacheka. "Hiyo wameisikia Mwanza, Mwalimu, hata bila ya kompyuta!"